Msomaji, Mavazi ya Kale au Mtaa Wetu: Kuchagua Njia ya Kuigiza Hadithi za Biblia

Makanisa mengi ya Nairobi huwapa vijana nafasi ya mchezo mfupi wakati wa Krismasi, Pasaka na Jumapili ya Vijana, na nafasi hiyo kwa kawaida haizidi robo saa. Vikundi vingi huanza kwa kugawana wahusika, kisha hutafuta maleba, na swali la njia ya kuigiza haliulizwi kabisa, kwa sababu kila mtu anadhani kwamba mchezo utafanywa kama ule wa mwaka uliopita. Hata hivyo, njia ndiyo inayoamua kama waumini watakisikia kisa hicho upya au watakitazama tu huku wakikisubiri kiishe, na kwa hiyo inastahili kujadiliwa kabla ya mtu yeyote kupewa maneno ya kukariri.

Ziko njia tatu ambazo kikundi cha kawaida kinaweza kuzimudu. Ya kwanza ni ya msomaji: mtu mmoja anasoma maandiko kama yalivyo, waigizaji wanatenda kimya, na panapotokea maneno ya mhusika, mhusika mwenyewe anayatamka. Ya pili ni ya mavazi ya kale: msomaji hayupo, mazungumzo yameandikwa upya, lakini mambo yanabaki Yerusalemu, Bethlehemu au Ninawi na katika enzi zake. Ya tatu ni ya mtaa wetu: kisa kinahamishwa kizima hadi Kayole, Githurai au kijiji ambacho mhusika alikiacha ili kuja mjini, na watu wanazungumza kama tunavyozungumza sisi.

Naamini kwamba hadithi yenyewe ndiyo inayopaswa kuchagua njia, na kwamba jambo la kwanza la kuangalia ni nafasi ya Yesu ndani yake. Kuna hadithi alizozisimulia, kuna hadithi ambazo yeye mwenyewe yumo, na kuna masimulizi ya Agano la Kale yenye watu wenye majina, nchi na sheria zao. Mifano aliyoisimulia huhama kwa urahisi, kwa kuwa tangu mwanzo mingi yake haina majina wala vijiji. “Mtu mmoja alikuwa na wana wawili” ni maneno yanayoweza kuanzia popote palipo na baba na mali ya kugawa. Yesu aliitunga mifano hiyo kwa vitu ambavyo wasikilizaji wake walikuwa wakivishika kila siku: mbegu, chachu, kondoo, sarafu iliyopotea ndani ya nyumba. Anayeihamishia mtaani anaitumia kama ilivyotumika siku ya kwanza. Ruthu, Nabothi na Yona ni jambo jingine, na nitawafikia.

Tukio moja kwa njia tatu

Tuchukue kurudi kwa mwana mpotevu katika Luka 15, sura ambayo karibu kila kikundi kimewahi kuiigiza. Kwa njia ya msomaji, na kwa maneno ya Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, tukio linakuwa hivi:

MSOMAJI: Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana.
MWANA: Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako; sistahili kuitwa mwana wako tena.
BABA (kwa watumishi): Lileteni upesi vazi lililo bora, mkamvike.

Kwa njia ya mavazi ya kale, mwandishi analazimika kumpa mtu mwingine macho ya kumwona kijana, kwa kuwa hakuna msomaji wa kutueleza kwamba alikuwa angali mbali:

MTUMISHI: Bwana, kuna mtu anapanda kutoka bondeni. Hana viatu.
BABA: Shika fimbo yangu.
MTUMISHI: Bwana, jua ni kali, na miguu yako...
BABA: Nimesema shika fimbo.

Na kwa njia ya mtaa wetu:

MAMA MBOGA: Baba Kevo, huyo aliyeshuka kwa matatu si kijana wako?
(Baba anaacha bilauri ya chai juu ya kibao, anakimbia.)
MWANA: Baba, nimekukosea. Nimemkosea Mungu. Mimi sifai hata kuitwa...
BABA: Umekula?

Ukizisoma pamoja, utaona kwamba kila njia inapata kitu na kupoteza kingine. Njia ya msomaji inahifadhi jambo ambalo nyingine mbili huliharibu kwa urahisi. Alipokuwa kwa nguruwe, kijana alitunga hotuba yenye sehemu tatu: amekosa, hastahili kuitwa mwana, na afanywe kama mmoja wa watumishi. Mbele ya baba anasema mbili tu. Sehemu ya tatu haifiki, kwa sababu baba ameshaanza kuagiza vazi, pete na viatu. Mwigizaji anayejua jambo hili atafungua kinywa kusema neno la watumishi na kukatizwa, na hadhira iliyomsikia akilikariri dakika chache kabla itatambua alichonyimwa nafasi ya kukisema. Waandishi wanaotunga upya mazungumzo mara nyingi humwacha kijana amalize hotuba yake yote, na hapo mbio za baba hupungua nguvu.

Njia ya mavazi ya kale inatupa heshima ya mzee wa Mashariki, mwenye nyumba na watumishi, ambaye watu wa hadhi yake hawakimbii mbele ya wengine. Fimbo inayoachwa inasema hayo yote bila maelezo. Lakini inahitaji mwigizaji mzuri, kwa sababu hadhira ya Nairobi haizijui desturi hizo na haitashtuka isipokuwa mtumishi ashtuke kwanza.

Njia ya mtaa wetu inamgusa kila mtu aliyewahi kurudi nyumbani mikono mitupu kutoka mjini, nao si wachache katika kanisa lolote la Eastlands. Ila ina mtego ambao nimeuona ukinasa michezo mizuri: mama. Katika Luka hatajwi. Ukiihamishia hadithi katika ua wa nyumba ya Kenya, watazamaji watauliza yuko wapi, na kikundi humwongeza, humpa machozi, kisha humfanya amsihi mumewe ampokee mtoto. Kufikia hapo huruma imekuwa ya mama, na baba amegeuka mtu aliyeshawishiwa. Mama na awepo, awe jikoni au gengeni, lakini baba akimbie kabla mtu yeyote hajamwomba. Mtego wa pili ni nguruwe. Kwa Myahudi, kuchunga nguruwe ilikuwa aibu ya dini juu ya aibu ya njaa. Kwa Mkristo wa Kiambu anayefuga nguruwe kwa biashara, ni kazi halali. Anayeihamisha hadithi hana budi kutafuta kazi ambayo kijana asingeweza kuitaja nyumbani kwa babake, na si lazima iwe na wanyama.

Kuhusu kaka mkubwa, njia zote tatu zinamsahau kwa kiwango kilekile. Michezo mingi huishia kwenye karamu na wimbo, wakati Luka anaanza sura hiyo kwa Mafarisayo na waandishi wanaonung'unika kwamba Yesu anawakaribisha wenye dhambi na kula nao, na mfano unaisha baba akiwa nje, akimsihi mwana aliyebaki nyumbani. Hatuambiwi kama aliingia. Mchezo unaokata hapo unawaacha bila ujumbe watu wa viti vya mbele, wale ambao hawajawahi kuondoka. Kama dakika hazitoshi, ni afadhali kufupisha nchi ya mbali, pamoja na baa na muziki ambao vijana hupenda kuurefusha, kuliko kumfuta kaka.

Msamaria na tatizo la kabila

Mfano wa Msamaria Mwema nao ni wa kusimuliwa, kwa hiyo kwa kanuni yangu unafaa kuhamishwa, lakini ndio mgumu kuliko yote kuuhamisha Nairobi. Wasamaria na Wayahudi hawakuchangamana. Walibishana hata juu ya mahali pa kuabudia, Gerizimu au Yerusalemu. Ukimfanya Msamaria kuwa “mtu mwema” tu aliyepita njia, mfano umekufa. Lazima awe mtu ambaye aliyejeruhiwa asingependa kuguswa naye. Katika nchi ambayo zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kumtaja mtu huyo kwa kabila mbele ya waumini wa makabila mbalimbali si jambo la kufanyiwa majaribio. Mbaya zaidi ni kumtambulisha kwa kuigiza lafudhi yake, kwa sababu watu watacheka, na mtu ambaye tunamcheka hawezi kutuhukumu.

Baadhi ya vikundi humweka mwendesha boda boda mahali pa Msamaria. Ni chaguo zuri. Mwendesha boda anayesimama usiku kando ya mtu aliyeanguka huonwa kwanza kama mwizi aliyerudi kumaliza kazi, na hadhira inajikamata yenyewe ikimdhania mabaya. Kasoro yake ni kwamba kumshuku mwendesha boda hakurithiwi kutoka kwa mababu, ilhali chuki ya Wayahudi na Wasamaria ilirithiwa. Ninachopendelea ni kuanza kabla ya unyang'anyi: yule atakayepigwa anapiga gumzo na rafiki yake kituoni, na kwa maneno ya kawaida kabisa anawasema vibaya “watu wale” wa upande wa pili wa barabara, ambao hatuambiwi ni akina nani. Baadaye anayemwinua ni mmoja wao, anayejulikana kwa alama moja tu, kwa mfano koti la rangi iliyotajwa katika gumzo lile. Kila mtazamaji atajaza kabila au dini anayoifahamu moyoni mwake, na kikundi hakijamtaja mtu.

Hapa pia naona faida ya kuchanganya njia. Mfano huu umefungwa ndani ya mazungumzo: mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, na mwishoni anaulizwa ni yupi kati ya watatu aliyekuwa jirani. Anajibu kwamba ni yule aliyemwonea huruma, bila kulitamka jina la Msamaria. Mazungumzo hayo yasomwe na msomaji na kusemwa na wawili waliosimama kando, kisha mfano wenyewe uchezwe mtaani. Padri au mchungaji anayepita bila kusimama asipewe hotuba, kwa kuwa Luka hakumpa hata neno moja. Atazame saa yake, avuke upande wa pili. Dinari mbili alizotoa Msamaria zilikuwa ujira wa kibarua wa siku mbili, na kwa hiyo ni rahisi kuzipima: mtu anayefanya kazi ya mjengo ahesabu noti za siku mbili mbele ya mwenye zahanati, na aahidi kurudi kulipa zitakazozidi.

Zinazopoteza nguvu zikihamishwa

Hadithi ya Yona huhamishwa kila mwaka, na karibu kila mara Ninawi inageuka kuwa Nairobi. Jiji lenye dhambi, nabii anayeonya, watu wanatubu: inaonekana kama imepangwa kwa ajili yetu. Lakini Ninawi ilikuwa mji wa Ashuru, adui aliyeogopwa, na kitabu kinamkemea nabii aliyekasirika kwa kuwa adui amesamehewa. Tukijifanya sisi ndio Ninawi, lawama ya kitabu inakosa mtu wa kumwangukia, na Yona anageuka mhubiri wa jukwaa la barabarani aliyefanikiwa. Hadithi hii na ibaki kwao, kwa mavazi ya kale. Samaki asijengwe kwa maboksi. Zima taa, acha sauti ya sala ya sura ya pili isikike gizani, na fedha za maboksi zitumike kwa chai ya waigizaji. Mchezo uishie pale kitabu kinapoishia, kwenye swali la Mungu kuhusu watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, pamoja na wanyama wengi.

Shamba la mizabibu la Nabothi, katika 1 Wafalme 21, linavutia zaidi kuhamishwa, kwa kuwa Mkenya anajua barua zenye muhuri wa mkubwa, mashahidi wawili wa kununuliwa na ardhi inayobadilisha mwenyewe baada ya mazishi. Hata hivyo nashauri ichezwe kwa mavazi ya kale. Ukiichezea Nairobi, watu wataanza kubahatisha mfalme Ahabu ni mwanasiasa gani, na baada ya ibada kitakachozungumzwa ni mwanasiasa huyo. Ukiwaacha Yezreeli, mjini kwa Nabothi, watavuka wenyewe hadi nyumbani, na watavuka wakiwa wamebeba hadithi yote, pamoja na wazee wa mji walioitii barua ya Yezebeli, mke wa Ahabu, bila kuuliza swali. Wazee hao ndio wenye uzito mkubwa katika mchezo, na hawahitaji maneno mengi.

Ruthu inasimama juu ya sheria: ruhusa ya maskini na mgeni kuokota masuke shambani, jamaa mwenye haki ya kukomboa, kiatu kinachovuliwa langoni mbele ya mashahidi. Ukiondoa sheria hizo inabaki hadithi ya mapenzi tu. Kwa robo saa chezeni sura ya kwanza peke yake, barabarani kutoka Moabu, wanawake watatu na maneno ya “wewe uendako nitakwenda”. Inatosha.

Yesu anapokuwa jukwaani

Hadithi ambazo Yesu mwenyewe yumo, kama ya Bartimayo, ya Zakayo au ya mwanamke Msamaria kisimani, hazifai kuhamishiwa mtaani isipokuwa kwa uangalifu mkubwa. Sababu yangu ni ya kiutendaji zaidi ya kuwa ya kiteolojia. Yesu akitokea Tom Mboya Street, hadhira nzima itatazama amevaa nini, na dakika za thamani zitapotelea kwenye suti au kanzu yake. Bartimayo anaweza kuchezwa kwa mavazi ya kale bila Yesu kuonekana kabisa: umati unamnyamazisha kipofu, kipofu anazidisha sauti, kisha umati uleule unabadilika na kumwambia ajipe moyo, kwa kuwa anaitwa. Sauti ya Yesu itoke nyuma ya hadhira. Namna hii inawaridhisha pia wazee wa kanisa wasiopenda kijana wa kwaya amwigize Bwana.

Kwa mateso ya Pasaka, chaguo langu ni msomaji, bila kusita. Kanisa Katoliki tayari husoma Mateso kwa mujibu wa Yohana siku ya Ijumaa Kuu kwa sauti kadhaa, mmoja akiwa msimulizi na mwingine akisema maneno ya Kristo, na mapokeo hayo yanathibitisha kwamba maneno yenyewe yana nguvu ya kutosha. Mavazi ya kale yana hatari yake katika kisa hiki, nayo si ndogo. Kijiji cha Oberammergau nchini Ujerumani kimekuwa kikiigiza Mateso tangu 1634, kwa kawaida mara moja kila miaka kumi, na ilibidi waandishi wake wayarekebishe maneno ya zamani kwa sababu yaliwabebesha Wayahudi wote lawama. Kikundi cha Nairobi kinachowavika umati majoho na kuwafundisha kupiga kelele kinaweza kurudia kosa hilo bila kulikusudia.

Wapo wanaoona kwamba kuihamishia Biblia mtaani ni kuchezea Neno. Wanastahili jibu la heshima. Katika mji wa York, Uingereza, karne kadhaa zilizopita, vyama vya mafundi viliigiza Biblia juu ya magari barabarani, na waliopewa ujenzi wa safina ya Nuhu walikuwa mafundi wa meli. Katika mchezo mmoja wa Wakefield wa karne ya 15, wachungaji wa Bethlehemu wanalalamikia baridi na kodi za Uingereza. Desturi ya kuileta hadithi karibu ni ya kale ndani ya kanisa lenyewe.

Sauti, lugha na gharama

Katika makanisa yenye paa la mabati, mvua ikinyesha, kinachosikika ni kile kilichosemwa kwenye kipaza sauti. Kama mnacho kimoja tu, msomaji ndiye suluhisho, kwa kuwa waigizaji wengine hawahitaji kusikika sana. Njia nyingine mbili zinadai angalau vipaza sauti viwili na mazoezi ya kupokezana bila kugongana. Kwa maleba, leso na mashuka yanatosha kwa njia mbili za kwanza, na soko la mitumba la Gikomba linatosha kwa ya tatu.

Lugha ni suala zito zaidi. Union Version, iliyochapishwa ikiwa Biblia kamili mwaka 1952, ina mdundo unaomfaa msomaji, na waumini wengi wanaijua kwa moyo. Tafsiri ya Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa watoto wa shule ya Jumapili. Kwenye njia ya mavazi ya kale, andikeni Kiswahili sanifu chepesi bila kuiga maneno ya Union Version nusunusu, kwa sababu mchanganyiko huo humfanya kila mhusika asikike kama anayesoma tangazo. Mtaani, Sheng ipewe wahusika wawili au watatu ambao kwa kweli wangeizungumza, na neno lenye kubeba kisa lisiwe la Sheng kamwe, maana bibi aliyeketi safu ya tatu naye amekuja kusikia.

Ngonjera nayo inastahili kutajwa kwa ufupi. Kwa hadithi ambazo kiini chake ni tofauti kati ya watu wawili, kama Martha na Mariamu, inaweza kushinda njia zote tatu, mradi kikundi kina mtu anayejua vina na mizani.

Kwa hiyo, kikundi chenye mfano wa Yesu, mwandishi mzuri na mwezi mzima wa mazoezi kichague mtaa wetu. Chenye masimulizi ya Agano la Kale na waigizaji wawili au watatu wenye sauti nzito kichague mavazi ya kale. Chenye watoto, chenye kisa cha Mateso, au kilichobakiwa na majuma mawili tu kimchague msomaji, na mazoezi ya kwanza yawe ya msomaji peke yake na Biblia yake, hadi ajue ni wapi pa kunyamaza ili wenzake watende.